Kinywaji cha Kuchanganya Nyumbani: Utamu, Kipimo na Usalama wa Watoto

   Kama una kalamu na daftari, viweke karibu, kwa maana leo kuna vipimo vya kuandika.

Mada yetu ni vinywaji vya kuchanganya nyumbani, vile ambavyo wengi wetu huviita kokteli. Ni ile gilasi yenye maji ya matunda, barafu na kipande cha ndimu, na ndani yake pombe kali kidogo. Au si kidogo. Hapo ndipo penye neno, na hapo ndipo tutakapokaa zaidi leo.

Hatukuja kukuhubiria, mama. Kuna nyumba ambazo pombe haiingii kabisa, na kuna nyumba ambazo chupa ipo juu ya kabati. Mazungumzo haya ni ya nyumba zote mbili, kwa sababu mtoto wa nyumba isiyo na chupa huenda kucheza katika nyumba yenye chupa.

Mazoea haya yaliingiaje nyumbani?

Mwezi wa Machi 2020, ugonjwa wa Korona ulipothibitishwa hapa Kenya, shule zilifungwa, baa zikafungwa, na tarehe 27 Machi kafyu ikaanza. Jua likitua, kila mtu ndani. Baba aliyezoea kurudi saa nne usiku akawa yuko sebuleni saa kumi na moja jioni. Watoto wa shule ya bweni wakarudi. Shangazi aliyekuja kutembea akakwama. Watu saba katika vyumba viwili, siku baada ya siku.

Katika hali hiyo watu walitafuta la kufanya. Wengine walijifunza kuoka mkate, wengine kusuka nywele. Na wengine waligundua kwamba maji ya pasheni, tangawizi na vodka kidogo hufanya kinywaji kitamu kuliko walichokuwa wakinunua baa kwa bei ghali. Simu nazo zilijaa video za kuonyesha namna ya kuchanganya. Kafyu iliondolewa Oktoba 2021, lakini mazoea mengi yalibaki. Leo utayaona wakati wa likizo ya Desemba, wakati wa mvua kubwa barabara zinapokatika, au jamaa wanapokusanyika nyumbani kwa siku nyingi.

Kwa nini pombe ya kuchanganya inahitaji uangalifu zaidi?

Kwanza, sukari na matunda huficha ukali. Ukinywa pombe kali tupu, koo lenyewe hukuambia polepole. Ukiichanganya na maji ya embe, koo hunyamaza. Unakunywa kama unakunywa juisi, lakini ini lako linapokea pombe ile ile.

Pili, nyumbani hakuna kipimo. Muuzaji wa baa ana kikombe chake kidogo cha kupimia. Huyo hupima ili asipate hasara; wewe unapaswa kupima kwa ajili ya mwili wako. Nyumbani tunamimina kwa macho, na macho hudanganya, hasa katika gilasi pana na hasa katika gilasi ya pili.

Tatu, nyumbani hakuna saa ya kufunga. Hakuna anayekuambia, "Tumefunga, nendeni nyumbani." Uko nyumbani tayari.

Nne, na hili ndilo kubwa, nyumbani kuna watoto.

Tujifunze kupima

Sasa shika kalamu. Toti moja ni mililita 30, na ni sawa na vijiko viwili vikubwa vya mezani. Pombe kali nyingi zina asilimia 40 ya kileo. Kwa hiyo toti moja ina karibu gramu 10 za kileo halisi. Shirika la Afya Duniani huhesabu gramu 10 kuwa kipimo kimoja.

Bia moja ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina karibu gramu 20, yaani vipimo viwili. Sasa angalia ile chupa ndogo ya mililita 250 ambayo wengi wetu huiita kota. Ndani yake mna toti nane na kitu. Watu wawili wakiimaliza jioni moja kwa kuichanganya na juisi, kila mmoja amekunywa toti nne, na huenda akaapa kwamba alikunywa "juisi yenye harufu tu."

Jaribu hivi nyumbani. Chukua gilasi unayotumia siku zote. Mimina maji hadi pale ambapo huwa unaishia kumimina pombe. Kisha yapime kwa kijiko kikubwa. Wengi hufikiri wanaweka vijiko viwili, kumbe ni vitano au sita. Hayo ni karibu toti tatu katika gilasi moja.

Mwili wa mtu mzima huondoa karibu kipimo kimoja kwa saa moja. Wengine huchukua muda mrefu zaidi, hasa wenye miili midogo, na wanawake wengi wamo katika kundi hilo. Kahawa haiharakishi kazi hiyo. Maji baridi ya kuoga hayaiharakishi. Ndimu haiiharakishi. Kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu hukufanya tu ujihisi uko macho wakati bado umelewa, na hilo lina hatari yake, kwa sababu unaweza kumbeba mtoto mikononi au kuwasha jiko ukidhani uko sawa.

Mwisho kabisa kuhusu kipimo: si kweli kwamba kiasi kidogo ni dawa. Kadiri unavyokunywa kidogo ndivyo hatari inavyopungua, na asiyekunywa hana sababu yoyote ya kiafya ya kuanza.

Mama mjamzito na mama anayenyonyesha

Mama mjamzito, kwako jibu ni fupi. Hakuna kiasi cha pombe kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto aliye tumboni, wala mwezi ambao ni salama. Kileo hupita katika kondo la nyuma na kumfikia mtoto, na ini lake bado ni changa. Kinaweza kudhuru ubongo wake kwa maisha yake yote: katika kujifunza, katika kukumbuka, na katika kutulia. Haijalishi kama kimechanganywa na juisi ya matunda yenye vitamini. Kama ulikunywa kabla hujajua kwamba una mimba, usikae na hofu peke yako. Acha sasa, na umweleze mhudumu unapokwenda kliniki.

Mama anayenyonyesha, kileo kilicho katika damu yako huingia pia katika maziwa. Njia salama kabisa ni kutokunywa. Ukinywa toti moja, subiri saa mbili au zaidi kabla ya kunyonyesha. Ukinywa mbili, subiri saa nne au zaidi. Kukamua maziwa na kuyamwaga hakuondoi kileo haraka, kwa sababu maziwa mapya yatatoka katika damu ile ile. Ni muda pekee unaofanya kazi. Ukipenda, kamua maziwa safi kabla ya kunywa na uyahifadhi vizuri.

Na jambo moja ambalo halisemwi mara nyingi: mtu aliyekunywa asilale kitanda kimoja na mtoto mchanga, awe mama, baba au yaya. Usingizi wa pombe ni mzito. Mtu mzima anaweza kumlalia mtoto na asisikie chochote.

Hatari kwa watoto wadogo

Mtoto wa miaka miwili hajui kokteli. Anachokiona ni gilasi yenye rangi nzuri, yenye kipande cha chungwa, iliyoachwa mezani wageni walipotoka nje kusindikizana. Ni tamu. Ataimaliza.

Kileo humdhuru mtoto kwa njia ambayo wengi hawaijui. Pamoja na kumlewesha, hushusha sukari katika damu yake. Mwili wa mtoto hauna akiba kubwa ya sukari, hasa kama hajala. Sukari ikishuka sana, mtoto anaweza kupata degedege, kupoteza fahamu, na hata kufa. Hata kiasi kinachoonekana kidogo kinaweza kumfikisha huko.

Dalili za kuangalia ni hizi: mtoto anayumba au hawezi kukaa wima, anatapika, ana usingizi usio wa kawaida, mwili wake ni baridi na una jasho, anapumua polepole, au ana degedege.

Ufanye nini? Usimlazimishe kutapika. Kama hana fahamu au ana usingizi mzito, usimtie chochote mdomoni. Mlaze kwa ubavu ili akitapika asipaliwe, mfunike apate joto, na mkimbize hospitali. Kama yuko macho kabisa na anameza vizuri, mpe maji yenye sukari kidogo kidogo mkiwa njiani. Chukua ile chupa uende nayo, daktari aione. Usingoje kuona kama "italala ipite." Na usione aibu kusema ukweli. Daktari anahitaji ukweli ili amtibu mtoto.

Kuzuia ni rahisi kuliko kutibu. Mwaga mabaki ya gilasi kabla ya kumsindikiza mgeni. Weka chupa mahali pa juu penye kufuli, pamoja na sanitaiza ya mikono. Sanitaiza nyingi zina kileo cha asilimia 60 hadi 80, yaani ni kali kuliko pombe nyingi za dukani, na tangu mwaka 2020 zimejaa majumbani. Usiweke kamwe pombe katika chupa ya soda, ya maji au ya juisi. Ni kosa lile lile la kuweka mafuta ya taa katika chupa ya soda, ambalo limewaumiza watoto wengi. Na kama umetengeneza jagi mbili, moja yenye pombe na nyingine ya watoto, zisifanane. Tumia jagi la rangi nyingine, na liwekwe juu ya meza nyingine.

Kuna pia walezi wanaompaka mtoto pombe kwenye ufizi anapoota meno, au kumpa kijiko kimoja cha brandi na asali ili apone mafua na kulala. Tafadhali usifanye hivyo. Huyo mtoto hakulala kwa sababu amepona.

Watoto wakubwa wanaotazama

Mtoto wa miaka 13 hahitaji kuambiwa. Anatazama. Anaona kwamba baba akikasirika humimina, mama akichoka humimina, na wageni wakija humimina. Akitumwa kila jioni kuleta barafu na kukata ndimu, amekwisha kujifunza kazi hiyo.

Usimtume mtoto kununua pombe, na usimpe "aonje kidogo." Sheria ya Kenya ya mwaka 2010 ya kudhibiti vileo, ile wengi wanayoijua kama sheria ya Mututho, inakataza kumuuzia pombe mtu aliye chini ya miaka 18. Ubongo wa kijana bado unakua, na anayeanza kunywa mapema ana hatari kubwa zaidi ya kuwa mtumwa wa pombe baadaye. Zungumza naye bila kelele, na kabla hajaanza. Mwambie kwamba kinywaji kitamu kwenye sherehe kinaweza kuwa na pombe asiyoisikia, na kwamba akijikuta mahali pabaya anaweza kukupigia simu saa yoyote, naye hatapigwa.

Chupa yenyewe ni ya nini?

Hapa, mpenzi msikilizaji, tusikilizane vizuri. Mchanganyiko mtamu unaweza kuficha pombe yenye sumu. Sumu hiyo huitwa methano. Ni kileo cha viwandani, hutumika katika rangi na vimumunyisho, na wafanyabiashara wabaya huitia katika pombe ili iwe kali kwa bei rahisi. Hapa kwetu tumezika wengi. Novemba 2000, katika mitaa ya mabanda ya Mukuru, Nairobi, pombe iliyojulikana kama kumi kumi iliua zaidi ya watu 100. Mei 2014 watu zaidi ya 80 walikufa katika kaunti kadhaa, Embu na Kiambu zikiwamo. Februari 2024 watu wasiopungua 17 walikufa Kirinyaga. Na nchini Iran, mwaka 2020, mamia walikufa baada ya kunywa methano, wengine wakiamini kwamba pombe huzuia Korona. Shirika la Afya Duniani lililazimika kutangaza wazi kwamba kunywa pombe hakuzuii ugonjwa huo. Kileo husafisha mikono. Hakisafishi koo wala mapafu.

Methano haijulikani kwa kuonja, wala kwa kunusa, wala kwa kuiwasha moto na kutazama rangi ya mwali. Maji ya matunda hayaiondoi. Kiasi cha vijiko viwili tu vikubwa vya methano tupu kinaweza kuua mtu mzima, na chini ya hapo kinaweza kumpofusha.

Ubaya wake ni kwamba hukawia. Mtu hulala akiwa kama amelewa kawaida. Baada ya saa 12 hadi 24 ndipo huanza kuumwa kichwa na tumbo, kutapika, kupumua kwa kasi, na kuona ukungu machoni. Ukiona mtu anasema haoni vizuri baada ya kunywa, usimwambie ni uchovu wa jana. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, pamoja na wote waliokunywa naye hata kama wanajihisi wazima. Dawa ipo, lakini ni ya hospitali, na inafaa zaidi ikitolewa mapema.

Kwa hiyo, anayenunua anunue penye leseni, chupa iliyofungwa, yenye stempu ya KRA na alama ya KEBS. Bei ikiwa chini kupita kiasi, jiulize kwa nini. Na usinunue pombe iliyomiminwa kutoka kwa jerikani ili uje "kuipendezesha" kwa juisi nyumbani.

Kumbuka pia dawa unazotumia. Pombe haipatani na dawa za usingizi, za kifafa, za kisukari na za kifua kikuu. Ukiwa unameza paracetamol kila siku, pombe nyingi huongeza mzigo wa ini. Muulize mfamasia kabla ya kumeza, na usiache dawa yako ili upate nafasi ya kunywa.

Kinywaji cha familia nzima

Sasa tuje kwenye utamu wenyewe. Kilichowafurahisha watu wengi siku zile za kufungiwa hakikuwa pombe peke yake. Ilikuwa ni kukaa pamoja, kukata matunda, kubahatisha ladha na kucheka. Hayo yote mnaweza kuyapata bila tone la kileo.

Hapa Kenya tuna hata kokteli yetu iitwayo Dawa, yenye vodka, ndimu, asali na barafu, ambayo imewafurahisha wageni kwa miaka mingi katika mkahawa wa Carnivore jijini Nairobi. Jina hilo lisikudanganye. Si tiba ya ugonjwa wowote. Lakini tunayo dawa nyingine ya nyumbani: tangawizi iliyopondwa, ndimu na asali katika maji moto. Chemsha kipande cha tangawizi chenye urefu wa kidole gumba katika vikombe vinne vya maji kwa dakika 10. Epua, acha ipoe kidogo, kisha ukamue ndimu mbili na utie vijiko viwili vya asali. Inatuliza koo, ingawa haiui virusi. Onyo moja: usimpe asali mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, hata kwa ncha ya kidole. Asali inaweza kuwa na vijidudu vinavyotoa sumu ndani ya utumbo wake mchanga, na sumu hiyo hulegeza misuli hata ile ya kupumulia.

Cha pili ni ukwaju. Loweka gramu 200 za ukwaju katika lita moja ya maji moto kwa nusu saa. Uvuruge kwa mkono safi, chuja, tia iliki kidogo na tangawizi, kisha sukari kidogo kidogo huku ukionja. Gawanya katika gilasi na uongeze maji baridi. Ukiweka jani la mnanaa juu, hata mgeni wa mjini atauliza umenunua wapi.

Cha tatu ni embe na pasheni. Saga embe moja kubwa, ongeza maji ya pasheni sita, ndimu moja na vikombe vitatu vya maji. Kwa watu wazima, lowesha ukingo wa gilasi kwa ndimu na uuchovye katika chumvi na pilipili kidogo, kama maembe mabichi ya ufukweni Mombasa. Hakuna atakayeulizia vodka.

Zingatia usafi. Maji ya kuchanganyia yawe yamechemka sawasawa au yametiwa dawa ya maji kwa kufuata maelezo ya chupa. Barafu pia ni maji, kwa hiyo igandishwe kutokana na maji salama. Baridi haiui vijidudu vya kuhara wala kipindupindu. Osha matunda kabla ya kuyakata, na mikono kwa sabuni. Juisi ya nyumbani inywewe siku hiyo hiyo, au ikae kwenye friji hadi kesho.

Punguza sukari. Soda nyingi za kawaida zina karibu gramu 10 za sukari kwa kila mililita 100. Chupa ya mililita 500 basi ina gramu 50 hivi, yaani zaidi ya vijiko 12 vya chai. Kwa mtu mzima, Shirika la Afya Duniani linasema ni bora tusipite vijiko 6 hivi kwa siku nzima. Na mtoto aliye chini ya miezi sita hahitaji juisi wala maji. Maziwa ya mama yanamtosha.

Gilasi ya jioni inapogeuka kuwa bwana

Mama, huenda wewe ndiye unayemimina. Umefua, umepika, umesaidia watoto na masomo, umevumilia kelele za watu saba, na gilasi moja ya jioni imekuwa ndiyo saa yako pekee ya amani. Hakuna anayekucheka hapa. Lakini jiulize maswali haya manne. Je, gilasi moja imekuwa mbili au tatu? Je, saa imesogea kutoka jioni hadi mchana? Je, unaificha katika kikombe cha chai? Je, siku ukikosa unakuwa na hasira, jasho au mikono kutetemeka?

Kama umejibu ndiyo hata kwa moja, huo ni wakati wa kuzungumza na mtu. Weka siku kadhaa kila wiki zisizo na pombe kabisa. Usinywe peke yako, na usinywe kabla ya kula. Tafuta saa yako ya amani kwa njia nyingine: mwombe baba awaogeshe watoto, tembea hadi kwa jirani, lala mapema. Lakini kama unakunywa sana kila siku na mikono hutetemeka ukikosa, usiache ghafla ukiwa peke yako, kwa sababu unaweza kupata degedege. Nenda kituo cha afya, wakusaidie kuacha kwa usalama. Unaweza pia kupiga simu ya bure ya NACADA, nambari 1192.

Na kama pombe ya mwingine imeleta kipigo nyumbani, si kosa lako na si la kuvumilia. Nambari 1195 ni ya bure kwa anayedhulumiwa. Kwa mtoto aliye hatarini, piga 116.

Maswali tunayoulizwa mara nyingi

Je, kuchanganya aina mbalimbali za pombe ndiko kunakolewesha? Hapana. Kinacholewesha ni jumla ya kileo. Lakini gilasi yenye aina nne, kila moja toti moja, ni toti nne. Hesabu hiyo ndiyo watu husahau.

Je, nikichemsha pombe kwenye mchanganyiko wa moto, kileo huisha? Hakiishi chote. Kinywaji cha moto chenye pombe si cha mtoto wala cha mjamzito.

Je, pombe ya asili kama mnazi au muratina ni salama zaidi kwa kuwa ni ya nyumbani? Kileo ni kileo. Isitoshe, huwezi kujua ina asilimia ngapi, kwa hiyo ni vigumu kuipima. Ikiwa umeinunua kwa mtu, hujui pia ni kitu gani kimeongezwa.

Tukumbushane

Pima kwa vijiko, si kwa macho. Mjamzito asinywe hata kidogo. Aliyekunywa asilale na mtoto mchanga. Mwaga mabaki, funga chupa kwa kufuli, na usiitie pombe katika chupa ya soda. Haoni vizuri baada ya kunywa? Hospitali mara moja. Asali si ya mtoto wa chini ya mwaka mmoja.

Jioni ya leo, kabla ya kulala, fanya jambo moja tu. Simama sebuleni, kisha uiname hadi kimo cha mtoto wako mdogo. Tazama meza, rafu na sakafu kwa macho yake. Kila chupa unayoweza kuifikia ukiwa pale chini, naye anaweza. Iondoe.

 Umweleze na jirani yako uliyoyasikia.